Walima na Daftari

Yako maswali ambayo wanazuoni wa kale waliyachambua kwa urefu katika vitabu vyao vya fikihi, nasi tuliosomeshwa vitabu hivyo msikitini tukayapita mbio kwa kudhani kwamba ni maswali ya watu wengine na zama nyingine, hata maisha ya mijini yakatuzungusha na kuturejesha mbele yake bila ya kutaka. Moja ni hili: mtu aliyeitwa kula karamu ya arusi, na kabla ya kuitwa akatakiwa atoe fedha, na kadi yake ikaandikwa kwa kadiri ya fedha alizotoa, je, huyo ni mgeni? Na kama si mgeni, aliyemwita ni mwenyeji wa namna gani, na chakula kilichowekwa baina yao ni walima, ambayo ni ibada, au ni bidhaa iliyokwisha kulipiwa?

Siulizi kwa kejeli, maana nimekaa katika kamati za namna hiyo, na watu niliokaa nao walikuwa watu wema. Kwa Waislamu na kwa Wakristo, Dar es Salaam, Tanga, Moshi hata Mwanza, arusi ya siku hizi huanza kwa kuundwa kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na chini yao wajumbe wa chakula, wa ukumbi, wa mapambo na wa usafiri. Bajeti hupangwa kabla haijajulikana fedha zitatoka wapi. Kadi za mchango husambazwa kwa ndugu, majirani, watu wa kazini na watu waliosoma na bwana arusi miaka mingi iliyopita. Kila wiki hufanywa kikao cha kusoma majina ya walioahidi na waliotimiza. Na siku zikikaribia hutolewa kadi za kuingilia, za mtu mmoja na za mtu na mwenziwe, ambazo wenyewe huziita singo na dabo, kila moja kwa kima chake. Aliyetoa pungufu ya kima cha singo hupelekewa salamu za shukrani, wala hapelekewi kadi.

Wanaolaumu mambo haya aghalabu hulaumu ukubwa wake, na hoja yao ni israfu. Mimi sioni kwamba ukubwa ndio ugonjwa. Kur'ani imewakemea wabadhirifu na kuwahesabu kuwa ndugu wa mashetani, lakini imewasifu pia wanaotumia mali zao kwa wastani baina ya israfu na ubakhili; na Aristotle, katika kitabu cha nne cha maadili yake, aliitaja arusi miongoni mwa mambo yanayostahiki matumizi makubwa, ila alimcheka mshamba anayewaandalia wenziwe wa chama karamu ya kawaida kwa gharama ya karamu ya arusi ili utajiri wake uonekane. Ninaloliona mimi ni kwamba katika kila karamu mna hesabu mbili, na watu huzichanganya, wanaozisifu na wanaozilaumu: hesabu ya matumbo na hesabu ya mifuko. Ya kwanza ni wajibu wa mwenyeji, wala hawezi kuitwa mkarimu mtu aliyeidharau. Ya pili ndiyo inayoanza kumvua uenyeji wake, ijapokuwa ukumbi umejaa na matarumbeta hayajanyamaza.

Nianze na ile ya kwanza, maana ina maadui wake. Wako wazee wachamungu wanaochukia kabisa kuhesabu wageni. Husema kwamba kila mlaji huja na riziki yake, kwamba mlango wa nyumba ya arusi haufungwi, na kwamba anayeandika majina ya waalikwa amekwisha kupungukiwa na imani kabla hajapungukiwa na mchele. Kauli hiyo ina uzuri wake, nami nimeshiba mara nyingi kwa baraka yake. Lakini wanaoisema huwa wamekaa barazani mbele ya nyumba, na mambo ya karamu huamuliwa nyuma.

Huko nyuma, usiku wa kuamkia walima, mpishi wa pilau huwa amekwisha kuyapanga mafiga yake, masufuria makubwa yameoshwa na kufudikizwa yakauke, kuni zimerundikwa penye ukuta, akina mama wamekaa juu ya majamvi wakichagua mchele na kumenya vitunguu thaumu, na nyama ya ng'ombe aliyechinjwa alasiri imekatwa na kutiwa tangawizi na chumvi. Neno la kwanza analomwuliza mwenye shughuli si la ujira wake. Humwuliza, "Bwana, watu wangapi?" Wala hataki kujibiwa kwamba watu ni wengi na Mungu atajaalia, maana yeye anajua kwamba maji ya pilau hupimwa mara moja, na kwamba mwenye kuteleka sufuria la dharura saa ya kupakua huwalisha wageni wa mwisho mchele wenye kiini. Sinia moja ni la watu wanne, au watano ikiwa ni watoto wa chuo. Mchele ukishapakuliwa, nyama hupangwa juu yake kwa mkono wa mtu mmoja aliyeaminiwa, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba sinia linalokwenda chini ya mwembe kwa wachukuzi halipungui kwa lile linalopelekwa ndani kwa wakwe; na mtu huyo, asiyetajwa katika hotuba yoyote wala kupigwa picha, amebeba amana kubwa kuliko mshereheshaji na kipaza sauti chake. Akikosea hesabu, atakayelala na njaa ni yule aliyekaa mbali na asiyekuwa na sauti ya kuita. Basi hesabu ya matumbo ni hifadhi ya mnyonge, na mwenyeji anayeipuuza kwa kutegemea baraka hujipamba kwa sifa ya ukarimu ambayo gharama yake hulipwa na mtu wa sinia la mwisho.

Tena, ina asili yake katika suna. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Ansari mmoja, Abu Shuaib, aliyekuwa na mtumwa fundi wa nyama, akamwamuru atengeneze chakula cha watu watano, kisha akamwalika Mtume (sala na amani zimshukie) awe wa tano wao. Njiani akawafuata mtu wa sita. Mtume hakumfukuza, wala hakumwingiza kwa jaha yake, ijapokuwa hapakuwa na mlango Madina ambao ungefungwa mbele ya mtu aliyefuatana naye; alipofika alimweleza mwenye nyumba kwamba mtu huyu amewafuata, akipenda amruhusu, na asipopenda mtu huyo arudi. Abu Shuaib akamruhusu. Wanaoisimulia hadithi hii husimama juu ya ukarimu wa Abu Shuaib. Mimi hupenda kusimama kidogo juu ya ile namba tano, iliyoheshimiwa na mgeni mtukufu kuliko wote kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameiweka kwa kadiri ya alichonacho. Hata wadoezi, ambao Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 wa Hijra, aliwatungia kitabu kizima cha visa na vichekesho vyao, wasingekuwa na kisa hata kimoja kama karamu zote zingekuwa hazina hesabu.

Wakristo nao wana arusi ya Kana, ambayo katika Injili ya Yohana divai ilikwisha karamu ikiwa bado inaendelea, na aliyetambua mapema hakuwa mkuu wa meza bali mama mmoja miongoni mwa waalikwa. Upungufu ule ulisitirika kwa muujiza. Arusi zetu nyingi hazina mgeni wa namna ile, na kwa hiyo inampasa mweka hazina ajue idadi ya chupa.

Tuliyopokea mintarafu ya walima zenyewe ni machache, lakini ukiyaweka pamoja yanasema mengi. Abdurrahman bin Auf alihama Makka bila ya mali. Ndugu aliyefungamanishwa naye Madina, Saad bin Rabii, alipotaka kumgawia nusu ya mali yake, alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Siku si nyingi akaonekana na alama ya manjano ya manukato nguoni mwake. Akaulizwa, akasema ameoa mwanamke wa Kiansari kwa dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Akaamriwa afanye walima, ijapokuwa kwa kondoo mmoja. Mtume mwenyewe alimfanyia mmoja wa wakeze walima ya mudi mbili za shayiri, yaani nusu pishi. Na alipomwoa Safia, katika safari ya kurudi kutoka Khaibar mwaka wa 7 wa Hijra (628), hapakuwa na mkate wala nyama: yalitandikwa majamvi ya ngozi, ikanadiwa kwamba kila mwenye kitu akilete, huyu akaleta tende, huyu samli, huyu maziwa makavu, vikachanganywa, na watu wakala.

Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Zainabu binti Jahshi, ambayo alichinja kondoo na watu wakashiba mkate na nyama. Anas bin Malik, aliyekuwa kijana wa nyumbani, ndiye aliyetumwa kuwaita. Wakaja kundi baada ya kundi, kundi likila na kuondoka ili kundi jingine lipate nafasi, hata wote wakaisha. Ila wakabaki watu wachache waliokaa wakizungumza. Mtume akatoka, akazunguka vyumba vya wakeze, akarudi, akawakuta wangalipo. Akaona haya kuwaambia waondoke. Hapo ikateremka aya ya 53 ya Sura ya Al-Ahzab, yenye kuwafundisha waumini kwamba wakialikwa waingie, na wakishakula watawanyike, wasikae kwa mazungumzo, kwa kuwa jambo hilo lilimtaabisha Mtume naye akiwastahi. Hebu tutafakari: ufunuo ulishuka kwa ajili ya saa ya kumalizika shughuli. Wakati nao ni mali ya watu, na mwenye kuuchukua bila ya idhini amechukua.

Katika zama zile waliouchukua walikuwa wageni, na aliyedhulumiwa alikuwa mwenyeji. Kwetu mambo yamegeuka. Kadi husema saa 12 jioni. Watu wa adabu hufika saa 12. Maarusi huingia saa 3. Hufuata utambulisho wa ukoo wa kuumeni na wa kukeni, na wa kamati, na wa wapambaji, na kukatwa keki na kulishana, na msafara wa zawadi kwa mafungu, watu wa kazini peke yao na watu wa mtaani peke yao. Chakula hufunguliwa saa 5 usiku, watoto wamekwisha kulala mapajani mwa mama zao, na babu mwenye kisukari amekwisha kwenda nje mara mbili kutafuta andazi. Hakuna aya nyingine inayongojewa kwa jambo hili, maana ile ile inatosha ikisomwa kwa insafu.

Sasa niingie katika hesabu ya mifuko. Fedha katika arusi si uzushi wa kamati. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake ya desturi za watu wa mrima yalipigwa chapa na Velten huko Ujerumani mwaka 1903, anaonyesha arusi yenye malipo kila hatua, kilemba cha baba na mkaja wa mama na haki ya kungwi, wala hapana aliyeona kwamba malipo hayo yameiharibu ndoa. Wala kuchangiana si uzushi. Majirani wa pwani walikuwa wakiingia nyumba ya arusi siku nyingi kabla, huyu na kibaba cha mchele, huyu na kuku, huyu na mikono yake tu ya kutwangia. Na ile walima ya Safia niliyoitaja, ukiitazama sawasawa, ilikuwa mchango mtupu tangu mwanzo hata mwisho. Anayesema kwamba kuchangia arusi ni haramu hana pa kusimama.

Lakini tazama palipo na tofauti. Pale penye majamvi ya ngozi, aliyeleta tende na aliyekuja mikono mitupu walikula mahali pamoja, wala hatuambiwi nani alileta nini. Kilichotolewa kilitangulia, kikaingia katika jamvi, kikapotea jina lake. Katika ukumbi wetu kilichotolewa hakipotei jina: hutangulia mlangoni na mtu wake, humfungulia au humfungia, humkalisha mbele au nyuma. Meneja asiyejua hata jina la bibi arusi hukaa meza ya pili kutoka jukwaani kwa sababu ya kima chake, na mama wa nyumba ya jirani, aliyemwogesha binti yule utotoni mamake alipokuwa mgonjwa, hubaki kwake akisikia muziki kwa mbali, maana alichotoa hakikufika singo. Kamati haikumchukia. Kamati ilifuata kanuni iliyojiwekea, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kwamba dhuluma yenyewe haina mtu wa kuilaumu.

Madhihabi ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, yamesema kwa kauli yenye nguvu kwamba kuitika mwaliko wa walima ya arusi ni faradhi juu ya kila aliyealikwa, hata mwenye saumu ya suna hufika akawaombea dua. Faradhi hiyo, hata hivyo, ina masharti, nayo Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameyapanga kwa maneno machache katika Minhaj: miongoni mwake ni kwamba mwenyeji asiwahusu matajiri kwa mwaliko akawaacha wengine, na kwamba mtu asiitwe kwa kuogopwa wala kwa kutamaniwa jaha yake. Sharti hilo limejengwa juu ya hadithi mashuhuri isemayo kwamba chakula kibaya mno ni chakula cha walima wanachoitiwa matajiri na kuachwa mafakiri. Mwenye kuitwa kwa kutamaniwa mfuko wake yu karibu zaidi na maana ya sharti kuliko mwenye kutamaniwa jaha. Na kama mwaliko wa namna hiyo haumpasi mtu kuitika, basi tumefika mahali pa ajabu, ambapo katika karamu ya watu 400 waliolipia kadi huenda asiwepo hata mmoja aliyelazimika kuja kwa sharia, bali wote wamelazimika kwa haya. Injili ya Luka, katika sura ya 14, inakwenda njia hiyo hiyo kwa ukali zaidi, ikimwonya mwenye kufanya karamu asiwaite rafiki na matajiri wasije wakamwalika naye wakawa wamemlipa, bali awaite maskini na vilema, wasio na cha kumrudishia.

Nitaambiwa kwamba bila ya mchango mwana wa maskini asingekaa kiti cha maarusi hata usiku mmoja, na kwamba mimi nawahubiria watu ufukara nikiwa nimeshiba. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini inatetea mchango, haitetei kadi. Mchango humwinua maskini anayeoa; kadi humwangusha maskini anayealikwa; na haiwezekani kulipa moja ya matendo hayo thawabu ya jingine. Wengine watasema kwamba kadi ni mauziano ya halali, chakula na burudani kwa thamani maalumu, pasi na kujifanya. Lau ingekuwa hivyo, aliyelipa akaugua siku ile angedai fedha zake, au angempelekea mwenyekiti hawala ya kupewa sahani yake nyumbani. Na sijapata kumwona mtu aliyethubutu, wala mtu atakayemsalimia akithubutu. Nyoyo za watu zinajua kwamba hapana mauziano hapa. Tumezikataa hukumu za biashara kwa kuwa ni aibu, tukazikataa hukumu za zawadi kwa kuwa hazikusanyi fedha, tukabaki na kijana wa kukagua kadi mlangoni.

Mafakihi waliliona jambo hili kwa sura yake ya Kiarabu. Katika nchi zao watu walikuwa wakitoa fedha katika furaha za arusi na tohara, nazo huitwa nukuti, na aliyepewa hutarajiwa kumpa mwenziwe zamu yake ikifika. Wanazuoni wa Shafi wa zama za baadaye wakakhitalifiana juu yake, wengine wakasema ni hiba isiyodaiwa, wengine wakasema ni karadha, na wengine wakairejesha kwenye ada ya mji. Ukidhani kwamba khitilafu hiyo ni ya maneno matupu, lifungue daftari la akina mama wa mtaa wowote, ambalo ndani yake mmeandikwa kwa kalamu ya bluu nani alimtunza nani, shilingi elfu ngapi na doti ngapi za khanga, tangu binti wa kwanza alipoolewa hata leo. Mwenye kurudisha pungufu hajambo kidogo kuliko asiyerudisha kabisa, na wote wawili wana jina lao vibarazani. Ikiwa yaliyomo ni karadha, basi mwenye daftari akifa ni deni juu ya mali yake, nalo hutangulia kabla ya warithi kugawana. Na sijasikia mirathi iliyosimamishwa ili khanga za watu zirudishwe. Ikiwa ni hiba, basi hiba ikishakabidhiwa imekwisha, na daftari halina kazi. Ama ile ahadi inayosomwa katika vikao vya kila wiki, ambayo mweka hazina humpigia mtu simu kwa ajili yake usiku, akatumiwa ujumbe, kisha akatumiwa mtu, hiyo mbele ya wanazuoni walio wengi ni ahadi tu: kuitimiza ni jambo jema na murua, lakini haidaiwi mbele ya kadhi. Rai yangu ni kwamba mtu achague. Akitaka kukopesha, na akopeshe, aandike na kushuhudiza kama Sura ya Al-Baqara ilivyoagiza juu ya madeni. Na akitaka kutoa, atoe, na aliyepokea asiandike kitu zaidi ya jina la kuombewa dua.

Limebaki suala la tonge, ambalo wanafunzi hulichekelea, nami hulipenda kuliko yote. Nawawi ameandika kwamba mgeni hula alichoandaliwa bila ya kungoja kuambiwa, na kwamba hana tasarufi nacho ila kwa kukila. Wafasiri wakauliza: je, mgeni hulimiliki tonge lini? Yuko aliyesema ni pale sinia linapowekwa mbele yake. Yuko aliyesema ni anapolitwaa kwa mkono. Yuko aliyesema ni linapoingia kinywani, na aliyesema ni anapolimeza. Na yuko aliyesema kwamba halimiliki abadani, bali hula mali ya mwenziwe kwa idhini ya mwenziwe. Matokeo yake si mchezo, maana kwa kauli hizi za mwisho mgeni hawezi kumtupia paka nyama, wala kumpa mwombaji aliye dirishani, wala kufunga paja la kuku katika karatasi ya foili ampelekee mtoto, ila akijua kwamba mwenye nyumba ameridhia. Na mwenye nyumba wa kwetu aghalabu alikuwa radhi, tena alikuwa mbele ya radhi: walima ikiwa bado haijamalizika, watoto wamekwisha kutumwa na sahani zilizofunikwa kawa, ya bibi asiyetoka, ya aliyefiwa na yuko edani, ya mlinzi wa msikiti.

Mpeleke sasa yule mgeni wa foili katika ukumbi wa kukodi. Anafunga paja la kuku, na ukimwuliza kwa idhini ya nani, atakujibu kwamba amelipa laki moja. Na ukitaka kumpinga, itakupasa kwanza umwonyeshe mwenye chakula ni nani. Si baba wa bwana arusi, ambaye naye alikalishwa meza ya mbele na kuamriwa na mshereheshaji asimame na akae. Si mpishi, aliyekwisha kulipwa nusu na nusu anaidai. Ni kamati, nayo haina tumbo wala mlango, na wiki mbili baadaye itakutana mahali penye kinywaji kwa shughuli ya kuvunja kamati, ile akiba iliyobaki imalizike. Hapana mtu wa kuridhia, kwa kuwa hapana mtu aliyetoa. Kila mmoja amejinunulia sehemu yake, akaila karibu na wenziwe.

Kwa hiyo ninayoyapendekeza ni ya utaratibu, ili hesabu ya matumbo iachane na hesabu ya mifuko. Orodha ya waalikwa iandikwe na wazazi wa pande zote mbili kabla haijakusanywa shilingi ya kwanza, idadi yake ifuate nafasi na uwezo kama ile tano ya Abu Shuaib, na ikishafungwa asiongezwe wala asipunguzwe mtu kwa ajili ya alichotoa. Anayeitunza orodha hiyo asilione daftari la michango, na anayelitunza daftari asiione orodha. Kadi ziwe za sura moja. Najua watu wa kamati watakavyojibu, maana wamekwisha kunijibu: michango itapungua. Huenda ikapungua. Ikipungua, bajeti na ipungue pamoja nayo, ukumbi uwe uwanja wa nyumbani, na keki iwe halwa na kahawa. Kwa kuwa wanazuoni waliosema kwamba mwenye uwezo asishuke chini ya kondoo mmoja hawakumwekea kima asiye na uwezo, walisema alishe alichopata.